Kaisari Aliyecheka

Mwaka 1836, mjini Saint Petersburg, Nikolai wa Kwanza, Kaisari wa Urusi, alitazama mchezo wa Gogol uitwao Mkaguzi Mkuu wa Serikali, unaowadhihaki maofisa wala rushwa. Alicheka sana, akawaagiza mawaziri wake wakautazame nao.

Je, tumsifu kwa kupenda kuambiwa kweli? Tungoje kidogo. Mwaka 1849 Dostoevsky alihukumiwa kufa, hasa kwa kuwasomea wenzake barua ambayo Belinsky alimwandikia Gogol, akilaumu utumwa wa wakulima. Dakika ya mwisho ilitangazwa kwamba Kaisari alikuwa amebadili adhabu, akampeleka Siberia kufanya kazi ngumu miaka 4.

Mtawala wa mabavu huisifu dhihaka imchomayo mtumishi wake. Basi, tukimwona mkubwa akicheka, tuulize kwanza: anachekwa nani?