Kompyuta Ikigoma Kuwaka, Anzia Ukutani

Kompyuta nyingi za mezani kwenye stesheneri za vijijini, kama huku Bukundi wilayani Meatu, mkoani Simiyu, ni za mtumba. Ikigoma kuwaka asubuhi moja, mwenyewe hutangaza imekufa na kuanza kuulizia bei ya nyingine. Mimi nasema tuufuate umeme kwanza.

Chomeka chaja ya simu kwenye soketi ileile. Ikichaji, ondoa ekstensheni na stabilaiza, uchomeke kompyuta moja kwa moja ukutani. Waya wake wa umeme mara nyingi hufanana na wa monita, basi zibadilishe uone. Halafu tazama nyuma ya pawa sapulai: swichi yenye alama ya I na O huzimwa kirahisi na mtu anayefagia.

Pawa sapulai za zamani zina kitufe kingine, aghalabu chekundu, kilichoandikwa 115 na 230. Hapo pana hatari. Umeme wetu ni volti 230, wa Marekani ni 120. Kitufe kikikaa kwenye 115, pawa sapulai huukuza umeme maradufu kwa ndani. Ukiichomeka kwetu hivyohivyo, kapasita mbili zilizotengenezwa kuhimili kama volti 200 kila moja hubebeshwa zaidi ya 300. Utasikia "pu!", kisha harufu ya kuungua. Hiyo pawa sapulai haifai tena, ingawa mazabodi huweza kusalimika. Usiifungue: kapasita hubaki na umeme hata baada ya kuchomolewa.

Feni ikizunguka na kioo kikabaki cheusi, ugonjwa ni mwingine. Kwanza hakikisha waya wa monita umekaza. Kisha shuku RAM, maana kiangazi cha Simiyu hakiachi tundu bila vumbi. Chomoa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kama 10, gusa chuma cha kasha, ndipo uitoe. Futa meno yake ya rangi ya dhahabu kwa ufutio wa penseli, uirudishe mpaka vishikizo vialike "ta". Zikiwa mbili, jaribu mojamoja.

Ikiwaka lakini ikadai haioni diski, chomoa flashi iliyosahaulika, kisha ukaze nyaya za diski. Tarehe ikirudi miaka nyuma kila ukizima, nunua betri ya CR2032, ya volti 3. Na hata mazabodi ikifa kweli, fundi anaweza kuihamishia diski kwenye kompyuta nyingine. Faili za wateja humo ndani kwa kawaida huwa salama.