Ajira ya Kwanza ya Muuguzi (Sehemu ya Pili): Barua Mbili za Ajira na Namna ya Kuzipima

Sehemu ya kwanza ilieleza safari ya mafunzo hadi leseni inayotolewa na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania. Sehemu hii inapima milango mitatu iliyo mbele ya mhitimu mwenye leseni hiyo, ambayo ni utumishi wa umma, hospitali za mashirika ya dini na za binafsi, na miradi inayogharamiwa na wafadhili. Wahitimu wengi hulinganisha mshahara ulioandikwa kwenye barua za ajira, ilhali mshahara huo peke yake hauonyeshi ajira itadumu kwa muda gani, makato yatakuwa kiasi gani, wala ni nani atakayemsimamia muuguzi ambaye bado hajakomaa kikazi.

Katika utumishi wa umma, mwenye stashahada huanza akiwa Afisa Muuguzi Msaidizi katika ngazi ya TGHS B, na mwenye shahada huanza akiwa Afisa Muuguzi katika ngazi ya TGHS C, herufi hizo zikiwa ni jina la ngazi za mishahara ya watumishi wa afya serikalini. Mwajiriwa hupitia kipindi cha majaribio cha miezi 12, kisha akithibitishwa kazini huingia katika masharti ya kudumu yanayoweza kumfikisha kwenye umri wa kustaafu, ambao ni miaka 55 kwa hiari na 60 kwa lazima. Hata hivyo, usalama huo huambatana na kupangiwa kituo, na kituo hicho kinaweza kuwa zahanati, ambayo ni ngazi ya chini kabisa ya mfumo wa tiba. Huko muuguzi mmoja anaweza kujikuta usiku akimhudumia peke yake mama mwenye uchungu na kujaza patografu, yaani chati ambayo mapigo ya moyo wa mtoto huandikwa kila baada ya nusu saa na upanukaji wa mlango wa kizazi kila baada ya saa nne, kisha aamue mwenyewe kama mistari ya chati hiyo inadai mama apewe rufaa kabla hakujapambazuka.

Kinyume chake, hospitali kubwa kama Bugando ya Mwanza na KCMC ya Moshi, ambazo zina asili katika taasisi za kidini na hutoa huduma za rufaa za kanda, humweka muuguzi mpya wodini pamoja na wauguzi wazoefu na madaktari bingwa, kwa hiyo hujifunza kila zamu inapokabidhiwa. Zipo pia hospitali teule, maana yake hospitali za mashirika ya dini zilizoingia makubaliano na serikali ili zitumike kama hospitali za wilaya. Humo baadhi ya watumishi hulipwa na serikali na wengine na shirika, wakati mwingine ndani ya wodi moja, ndiyo sababu mwombaji hana budi kuuliza mapema mwajiri wake ni nani hasa. Kwa hospitali za binafsi, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka kima cha chini cha haki, ikiwemo likizo ya siku 28 kwa mwaka, likizo ya uzazi ya siku 84 na nyongeza ya asilimia 5 kwa kazi ya usiku, na barua inayotoa pungufu ya hapo inakiuka sheria.

Mlango wa tatu ni miradi, ambayo mara nyingi hulipa zaidi lakini uhai wake hutegemea bajeti ya nchi nyingine. Januari 2025 serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, kazi zilizogharamiwa na PEPFAR, mpango wa kupambana na UKIMWI ulioanzishwa mwaka 2003, zilitikisika katika nchi nyingi za Afrika, na watumishi wa mikataba ndio walioguswa kwanza.

Makato nayo yanadai hesabu. Chukua barua mbili zenye mshahara ule ule wa shilingi 700,000: mtumishi wa umma hukatwa asilimia 5 kwa ajili ya mfuko wa PSSSF, yaani shilingi 35,000, wakati wa sekta binafsi kwa kawaida hukatwa asilimia 10 kwa ajili ya NSSF, yaani shilingi 70,000. Kama wote wawili walisoma kwa mkopo wa elimu ya juu, kila mmoja hukatwa asilimia 15 nyingine, ambayo ni shilingi 105,000, mbali na kodi ya mapato.

Kwa muuguzi anayeanza, basi, mizani ianze na usimamizi, ifuate aina ya mkataba, na mshahara uje mwisho, kwa kuwa mshahara mdogo hupanda kwa madaraja, lakini stadi ambazo hazikujengwa katika miaka ya mwanzo ni vigumu kuzifidia. Na mhitimu yeyote asitie saini barua ambayo haikutaja mwajiri, muda wa ajira na mfuko wa hifadhi ya jamii. Sehemu ya tatu itahusu ajira za nje ya nchi.