Asali na Ugonjwa wa Kiwele kwa Ng'ombe wa Maziwa

Wafugaji wa Ubaruku, Wilaya ya Mbarali, Mkoa wa Mbeya, pamoja na watumishi wanaowahudumia, wanafahamishwa juu ya matumizi ya asali dhidi ya ugonjwa wa kiwele, na mipaka yake.

Ugonjwa huu husababishwa zaidi na bakteria wanaopenya katika tundu la chuchu. Katika bonde la Usangu, ambako mpunga hulimwa kwa maji ya mifereji, matope na kinyesi mahali anapolala ng'ombe huwarahisishia njia. Kiwele huvimba na kuwa cha moto, na maziwa hutoka na mabonge au damu. Pengine hakuna dalili ya kuonekana ila maziwa kupungua.

Asali hudhuru bakteria kwa njia tatu: sukari yake nyingi huwafyonza maji, ina asidi, na ikikutana na majimaji ya kidonda hutoa haidrojeni peroksaidi, ambayo huua vijidudu. Mwaka 1997 watafiti wa Chuo Kikuu cha Waikato, Nyuzilandi, walichapisha matokeo ya maabara yaliyoonyesha kuwa asali huzuia bakteria wa ugonjwa huu kukua. Lakini ndani ya kiwele maziwa huizimua asali, na maambukizi hujificha ndani ya nyama ya kiwele.

Kwa hiyo inashauriwa kama ifuatavyo:

(a) Asali safi, isiyoghushiwa, ipakwe kidogo juu ya michubuko na nyufa za chuchu baada ya kukamua, na ioshwe kabla ya kukamua tena.

(b) Asali isiingizwe kamwe ndani ya tundu la chuchu, kwani yaweza kupeleka vijidudu vingine.

(c) Matone ya kwanza yakamuliwe juu ya kitambaa cheusi ili mabonge yaonekane.

(d) Ng'ombe mgonjwa akamuliwe mwisho. Kila ng'ombe apewe majani baada ya kukamuliwa ili asilale upesi, maana tundu la chuchu hukawia kufunga.

(e) Dalili zikionekana, Afisa Mifugo aarifiwe siku hiyo hiyo. Maziwa ya ng'ombe anayetibiwa kwa viuavijasumu yasinywewe wala kuuzwa mpaka muda ulioandikwa kwenye dawa uishe.

Sehemu ya kiwele iliyokwisha kufa haitoi maziwa tena. Asali isiwe sababu ya kuchelewesha matibabu.