Tarakimu Zisafirizo: Kompyuta ya Kati na Kompyuta Kuu

Mashirika mengi ya biashara huweka hesabu za kila siku katika kompyuta ya kati, yaani mashine ya kutosha kampuni moja kwa ankara, mishahara na bohari. Hesabu hizo hupelekwa baadaye kwenye kompyuta kuu ya benki, bima au makao makuu. Kwa upande wa kampuni ya IBM, kompyuta ya kati ijulikanayo zaidi ni AS/400, iliyotangazwa Juni 1988, ambayo warithi wake leo huendeshwa na mfumo uitwao IBM i. Kompyuta kuu za kampuni hiyo ni za ukoo wa System/360 ya mwaka 1964. Katibu wa chama asidhani kwamba haya ni mambo ya wataalamu peke yao. Fedha za wanachama zikishaingia benki huweza kupita katika mashine za namna hii, na kosa la njiani humfikia mkulima kama kosa la leja.

Kwa muda mrefu mashine hizo mbili ziliongea kwa utaratibu uitwao SNA, ambao IBM iliutangaza mwaka 1974, juu ya laini za simu zilizokodiwa. Baadaye mitandao ya IP, ile ambayo Intaneti imejengwa juu yake, ilienea kila mahali, na ikawa hasara kugharimia njia mbili. Hata hivyo, kuandika upya programu za miaka 20 au 30 ni kazi kubwa na ya hatari. Suluhisho lilikuwa kuacha programu kama zilivyo na kubadili njia tu, kama vile robota la pamba lililokuwa likisafiri kwa gari moshi linavyopakiwa katika lori bila kufunguliwa. Utaratibu huo huitwa Enterprise Extender. Maelezo yake yalichapishwa mwaka 1998, na kompyuta za kati za IBM zikaupokea mwaka 2006.

Bahasha inayobeba ujumbe huo ni ya aina ya UDP, ambayo yenyewe haidai stakabadhi ya kupokelewa. Stakabadhi hutolewa na SNA iliyomo ndani ya bahasha, na kilichopotea hutumwa tena. Mafundi hukosea mara nyingi hapa: milango mitano ya UDP, namba 12000 hadi 12004, haina budi kufunguliwa katika kizuizi cha ulinzi cha mtandao. Fundi aliyezoea TCP hufungua milango ya TCP, kisha hushangaa kwa nini mashine hazijibizani.

Wengine hawatumii SNA kabisa, bali hutuma faili nzima kwa FTP. Njia hii ni rahisi, na ndiyo yenye mtego mbaya kuliko yote. Kompyuta zote mbili huandika herufi kwa msimbo wa EBCDIC, ambamo A ni 193. Mtandao umezoea ASCII, ambamo A ni 65. FTP isipoelekezwa vinginevyo hudhani kwamba faili ni maandishi, na hutafsiri. Ikiwa faili ya EBCDIC itasomwa kwa ASCII bila kutafsiriwa, nafasi tupu hugeuka alama ya @, na ukurasa mzima hujaa takataka. Kosa hilo halina madhara makubwa, maana kila mtu huliona.

Lisiloonekana ni la fedha. Ili kubana nafasi, mashine hizi huandika tarakimu mbili katika baiti moja, na nusu ya mwisho huonyesha kama ni akiba au deni. Kiasi cha 12345 huwa 12 34 5C. Kikiwa deni huwa 12 34 5D. Tofauti ya mkopeshaji na mdaiwa ni nusu baiti. FTP haijui kwamba hizo ni fedha. Huziona kuwa herufi, nayo huzitafsiri. Tarakimu 2 na 5 zikikaa katika baiti moja hufanana kabisa na alama ya EBCDIC ya kushuka mstari, na rekodi huweza kukatwa katikati. Majina ya wanachama hufika salama, kwa hiyo anayetupia jicho faili huridhika.

Dawa ni kuamuru faili ipelekwe kama ilivyo, pasipo tafsiri, kwa kuwa lugha ya mashine zote mbili ni moja. Pande zote ziafikiane urefu wa rekodi kwanza, maana faili ya namna hiyo haina alama za mwisho wa mstari. Tena FTP ya kawaida husafirisha neno la siri waziwazi. Yapasa kutumika ile iliyofungwa kwa TLS.

Mwishoni mwa faili huwekwa idadi ya rekodi, jumla ya fedha, na jumla ya namba za uanachama. Hii ya tatu haina maana yoyote kwa mhasibu, lakini namba moja ikibadilika, nayo hubadilika. Mpokeaji hujumlisha mwenyewe. Zisipolingana, haingizi hata rekodi moja katika leja. Ni vema jumla hizo zipelekwe pia kwa njia nyingine, kwa barua iliyotiwa sahihi au kwa simu, kwa sababu jumla iliyosafiri ndani ya faili yaweza kuharibika pamoja nayo.