Namba ya Upepo Imepimwa Wapi?

Msimu wa Kusi ukishika kasi, ufukwe wa Paje, Unguja, hujaa watu wa kaiti na wa ubao wa tanga, na kabla ya kutia mguu majini karibu kila mmoja huchungulia simu. Simu inasema kilomita 28 kwa saa. Akifika ufukweni anakuta mchanga unampiga miguuni, au makuti ya minazi yametulia tuli. Lawama zote huenda kwa kipimo, na mara nyingi kipimo chenyewe hakikuwepo.

Programu nyingi za simu huonyesha hesabu za kompyuta. Mfumo wa Marekani uitwao GFS hutoa takwimu za bure zinazoigawa dunia katika miraba yenye upande wa kilomita kama 28 na kuupa kila mraba jibu moja. Kisiwa cha Unguja hakifiki kilomita 40 kwa upana. Mraba mmoja unaweza kumeza Paje, msitu wa Jozani na kipande kizima cha bahari. Ndiyo maana mimi huuliza kwanza kama namba imepimwa au imekokotolewa.

Hata iliyopimwa ina mahali ilipotoka. Kipima upepo cha uwanja wa ndege husimikwa kwenye mlingoti wa mita 10, na uwanja wa Abeid Amani Karume uko magharibi ya kisiwa. Kusi ikitokea kusini-mashariki, Paje huipokea moja kwa moja kutoka bahari kuu. Kule uwanjani hufika ikiwa imekwisha kusuguana na miti, mapaa na vilima. Tanga lako nalo, katikati yake, liko mita mbili au tatu tu juu ya maji, ambako upepo ni hafifu kuliko mita 10.

Jambo linalowaponza wengi zaidi ni wastani. Taarifa ya uwanja wa ndege hutoa wastani wa dakika 10, na kwa kawaida vishindo vya upepo hutajwa pale tu vinapouzidi wastani huo kwa noti 10, yaani kama kilomita 18.5 kwa saa. Chukua wastani wa kilomita 28 wenye vishindo vya 45. Tofauti ni 17, kwa hiyo taarifa inaweza kunyamaza kabisa. Lakini nguvu ya upepo kwenye tanga hukua kwa mraba wa kasi: gawanya 45 kwa 28, zidisha jibu kwa lenyewe, unapata zaidi ya mara mbili na nusu. Aliyechagua tanga kwa kuangalia 28 peke yake atarushwa.

Vipima vya hoteli na shule za kaiti viko karibu na maji, na hapo vinashinda. Tatizo lao ni chumvi. Vile vya vikombe vinavyozunguka vikiingia chumvi kwenye beringi huwa vizito, na upepo mwepesi husomeka mdogo kuliko ulivyo. Vingine vimefungwa nyuma ya paa la makuti, na hapo vinapima paa.

Bado navitumia. Kipima kinachokosea kwa namna ileile kila siku kina faida kubwa, mradi ujue kosa lake. Linganisha namba na bahari: upepo ukiwa kati ya kilomita 20 na 28, povu jeupe huonekana kila upande. Ukiliona huku kipima kinasema 15, umejua kuwa inabidi uongeze. Angalia pia saa ya kipimo, kwa sababu mtandao ukikatika namba ya asubuhi hubaki kwenye kioo hadi jioni. Na Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa tahadhari ya upepo wa kilomita 40 na mawimbi ya mita mbili, sihitaji kipima kingine.

Mwelekeo una uzito zaidi kuliko kasi. Paje, Kusi hukurudisha pwani hata tanga likikatika. Kaskazini ya mji wa Zanzibar, kwenye fukwe za magharibi, upepo huohuo hutoka nchi kavu. Maji ya karibu na ufukwe huonekana laini, na kadiri unavyokwenda mbali ndivyo upepo unavyozidi kukaza. Vifaa vikiharibika huko, unasukumwa kuelekea Bara, na kipima cha ufukweni kitaendelea kuonyesha upepo wa wastani.