Nikotini Isiyopita Shambani

Nikotini ikitajwa, akili hukimbilia tumbaku, na si ajabu. Mmea huo ndio uliotuletea kemikali hii, na jina lake linatokana na Jean Nicot, balozi wa Ufaransa nchini Ureno, aliyepeleka tumbaku kwa wakuu wake karibu mwaka 1560. Lakini mmea si lazima. Mwaka 1828 Posselt na Reimann, wa Heidelberg, Ujerumani, waliitenga nikotini kutoka kwenye majani, na mwaka 1904 Amé Pictet, mkemia wa Geneva, akatangaza kuwa ameiunda maabarani. Ujuzi huo ulikaa vitabuni kwa miaka mia na ushei, kwa sababu ya bei tu: nani ahangaike na mitambo ilhali majani yapo tele na ni rahisi? Kisha zikaja sigara za kielektroniki, ambazo hazihitaji jani wala kiberiti bali kimiminika chenye nikotini. Sheria za tumbaku zilipoanza kuwabana wauzaji wa vimiminika hivyo, nikotini ya kiwandani ikaonekana ina sifa ambayo mkemia hakuwahi kuijali: nasaba yake haina tumbaku. Hoja yangu ni kwamba sheria inayouliza kemikali imezaliwa wapi, badala ya kuuliza inamfanya nini anayeivuta, inajitakia kupigwa chenga. Marekani ilipigwa chenga hiyo mchana kweupe.

Tuanze na bidhaa yenyewe. Njia moja ya kuitengeneza huanza na esta ya asidi ya nikotiniki, asidi ambayo si nyingine ila niasini, vitamini B3 inayotiwa kwenye unga wa mahindi wa viwandani nchini Kenya. Esta hiyo huunganishwa na kemikali iitwayo vinilipirolidoni, kisha mchanganyiko hupitishwa hatua kwa hatua hadi ubaki na umbo la nikotini lililopungukiwa kipande kimoja kidogo, kikundi cha methili, ambacho huongezwa mwishoni. Kinachopatikana ni mafuta yasiyo na rangi, yanayogeuka kahawia yakipigwa na hewa, na yanayopenya ngozi kwa urahisi wa kutisha. Sifa hiyo ya kupenya ndiyo inayowafanya wavunaji wa tumbaku, hasa majani yakiwa na umande, wapate kizunguzungu na kutapika hata kama hawajawahi kuvuta sigara.

Tofauti na ya shambani ipo, ila ni ya kutafutwa kwa tochi. Molekuli ya nikotini ina maumbo mawili, S na R, yanayofanana kama glavu ya kulia na ya kushoto: vipande ni vilevile, lakini moja haikai mahali pa nyingine. Nikotini ya mmea karibu yote ni ya umbo la S. Kiwanda kisichojishughulisha hutoa nusu S na nusu R, na hii R hushika vipokezi vya ubongo kwa udhaifu zaidi. Hata hivyo, watengenezaji wamejifunza kutoa S peke yake, na hapo kipimo cha maumbo hakisemi kitu. Hubaki kaboni. Tumbaku hujijenga kwa hewa ya msimu wake, kwa hiyo nikotini yake ina chembe za kaboni-14, ambayo hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 5,730 hivi. Kemikali zitokanazo na mafuta ghafi yaliyolala ardhini mamilioni ya miaka hazina tena chembe hizo. Kwa maneno mengine, kipimo cha wanaakiolojia, wanaotafuta umri wa mifupa, ndicho ambacho mkaguzi angekihitaji ili ajue kama chupa ya kimiminika cha ladha ya embe iko chini ya sheria au la. Na muuzaji akichanganya nikotini mbili chupa moja, hata kipimo hicho huanza kubabaika. Ubongo wa mvutaji, kwa upande wake, hauna haja ya kipimo chochote.

Sheria ya Marekani ya mwaka 2009 iliyoipa FDA, mamlaka ya chakula na dawa, nguvu juu ya tumbaku ilizungumzia bidhaa iliyotengenezwa kwa tumbaku au kutokana nayo. Mwaka 2016 FDA ikaitumia kuzibana sigara za kielektroniki. Julai 2020 ikaionya kampuni ya Puff Bar iondoe sokoni vifaa vyake vya ladha za matunda vya kutumia na kutupa. Februari 2021 jina hilohilo likarudi madukani, safari hii likidai nikotini yake haitokani na tumbaku. Mwaka huohuo, katika uchunguzi wa kitaifa wa matumizi ya tumbaku miongoni mwa vijana, Puff Bar ndiyo iliyotajwa zaidi na wanafunzi waliokuwa wakivuta sigara za kielektroniki. Mwanya ulizibwa Machi 2022, Bunge lilipoingiza ndani ya sheria kubwa ya bajeti kifungu kinachosema nikotini kutoka chanzo chochote. Kampuni zilipewa hadi tarehe 14 Mei kuwasilisha maombi, na zaidi ya 200 zikaleta maombi ya bidhaa karibu milioni moja. Idadi hiyo inaonyesha ni wangapi walikuwa tayari wamehamia upande wa pili wa ua.

Watetezi wa nikotini ya kiwandani wana hoja ambazo hazifai kupuuzwa. Ya kwanza ni usafi: haikugusa jani, kwa hiyo haina nitrosamini za tumbaku, ambazo baadhi yake husababisha saratani. Ni kweli, lakini haifiki mbali. Nikotini ya plasta na bazoka za kuachia sigara hutoka kwenye tumbaku pia, na husafishwa hadi kiwango cha dawa. Usafi ni swali la kiwanda na vipimo vyake. Uraibu haumo kwenye uchafu, umo kwenye nikotini yenyewe, na nikotini iliyosafika zaidi haileti uraibu mdogo zaidi.

Hoja ya pili ni nzito. Mapitio ya Cochrane, yanayokusanya majaribio ya kitabibu, yamekuta kwamba sigara za kielektroniki zenye nikotini huwasaidia watu kuacha sigara zaidi kuliko plasta na bazoka. Je, ukali wa sheria hauwarudishi hao kwenye moshi? Unaweza, na FDA yenyewe imekuwa mlango mwembamba mno: maombi yalifika mamilioni, lakini hadi katikati ya 2025 vifaa vilivyoruhusiwa havikuwa vimefika hamsini. Lawama hiyo naikubali yote. Ila inadai mlango upanuliwe na uharakishwe. Haidai kwamba anayebadilisha chanzo cha nikotini apite bila kukaguliwa. Mvutaji anayetaka kuacha anahitaji kujua chupa ina miligramu ngapi, na hilo halijulikani pasipo msimamizi.

Lakini hata waandishi wa kifungu cha 2022 walijifunga kwa namna nyingine. Walikuwa makini hata wakakumbuka mboga: nyanya na biringanya zina nikotini kidogo sana ya asili, na sheria ikavitenga vyakula vyenye chembe kama hizo. Nikotini yenyewe, hata hivyo, sheria hiyo inaitambua kwa fomula, C10H14N2, pamoja na chumvi zake. Haikupita muda, sokoni ikaingia 6-methilinikotini, ambayo fomula yake ni C11H16N2. Kaboni moja na hidrojeni mbili zimeongezeka, na muuzaji anaweza kusema hauzi nikotini, ingawa tafiti za maabara na za wanyama zinaashiria kwamba binamu huyo hufanya kazi ubongoni kwa nguvu isiyopungua. Badala ya nasaba, chenga sasa inapigwa kwa fomula.

Ndiyo maana naona fasili ifuate kazi: bidhaa yoyote ya kuvuta, kunyonya au kutafuna iliyokusudiwa kuamsha vipokezi vya nikotini, chanzo na fomula yake viwavyo. Wapo watakaosema fasili hiyo ni pana kupita kiasi na itazoa hata vareniklini, kidonge cha kuachia sigara. Haitazoa, kwa sababu kidonge hicho tayari kiko chini ya sheria za dawa, na kifungu kimoja cha kuzitenga dawa zilizosajiliwa kinatosha, kama kilivyotosha kwa nyanya. Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti tumbaku, ambao Kenya, Uganda na Tanzania ni wanachama wake, bado unafasili bidhaa za tumbaku kwa jani linalotumika kama malighafi. Uganda haikungoja mkataba ubadilike: sheria yake ya 2015 ilipiga marufuku sigara za kielektroniki kwa kutaja kifaa. Marufuku kamili si chaguo langu, kwa sababu ya wale wanaotaka kuacha, lakini aliyeiandika hakumwachia mtu nafasi ya kuuliza nikotini imetoka shamba gani.