Wino wa Kijani Kwenye Orodha ya Juri

Karatasi zile zilikaa karibu miaka 20 ndani ya faili la waendesha mashtaka wa Rome, mji mdogo wa jimbo la Georgia, Marekani. Ni orodha ya watu walioitwa mahakamani mwaka 1987 ili 12 kati yao waamue kesi ya mauaji. Baadhi ya majina yamepakwa wino wa kijani, na pembeni pameelezwa maana yake: kijani ni Weusi. Kila jina la kijani limewekewa herufi B. Ipo na karatasi nyingine yenye majina sita ya watu wasiotakiwa kabisa. Matano ya kwanza ni ya watu weusi.

Mshtakiwa alikuwa Timothy Foster, kijana mweusi wa miaka 19, aliyedaiwa kumuua bibi wa kizungu, mwalimu mstaafu. Juri iliyompa adhabu ya kifo haikuwa na mtu mweusi hata mmoja. Mwendesha mashtaka aliwaengua Weusi wote wanne waliosalia, na alipotakiwa kueleza, sababu hazikumwishia. Mama mmoja wa miaka 34, alisema, ni kijana mno, umri wake unakaribiana na wa mshtakiwa. Mzungu wa miaka 21 aliachwa, akakaa kwenye juri. Jaji akaridhika.

Msomaji wa Kenya au Tanzania anawajua wazee wa baraza, wale waliokaa na jaji na kumpa maoni yasiyomfunga. Juri ni kitu kingine: neno lake ndilo linaloamua kama mtu ana hatia. Ndiyo maana vita ya nani akae pale ni kali. Wakili anaweza kumpinga mtu kwa sababu anayoitaja mbele ya jaji, tuseme ni shemeji wa mshtakiwa. Zaidi ya hapo kila upande una idadi fulani ya watu unaoweza kuwakataa bila kueleza chochote. Ubaguzi ulijificha ndani ya haki hii ya pili.

Nasi tulipata kuonja uchungu wa juri ya rangi moja. Katika Kenya ya kikoloni, juri ilikuwa ya Wazungu kwa ajili ya Wazungu. Mwaka 1923 mlowezi Jasper Abraham alimchapa mfanyakazi wake Kitosh, ambaye kosa lake lilikuwa kumpanda farasi aliyeagizwa kumwongoza kwa miguu. Akafungwa kamba, na usiku ule akafa. Juri haikuona mauaji pale. Iliona kosa la kudhuru mwili tu, na Abraham akafungwa miaka 2.

Marekani ilikwisha kukataza sheria za kuwazuia Weusi kukaa kwenye juri tangu mwaka 1880. Njia ikabadilika: waiteni, kisha waengueni mmoja mmoja, kimyakimya. Mwaka 1965 Mahakama ya Juu ilipelekewa kesi kutoka wilaya ya Talladega, Alabama, ambako Weusi walikuwa takribani robo ya wanaostahili kuitwa, na kwa miaka kama 15 hakuna aliyekaa kwenye juri ya kesi. Mahakama ikasema ushahidi hautoshi.

Mabadiliko yalikuja mwaka 1986, katika kesi ya James Batson, mtu mweusi wa Louisville, Kentucky. Tangu hapo, upande wa utetezi ukionyesha dalili za ubaguzi, mwendesha mashtaka lazima atoe sababu isiyohusu rangi, kisha jaji aamue kama ni ya kweli. Wengi walishangilia. Jaji Thurgood Marshall aliunga mkono uamuzi, lakini akaandika maoni yake kando: ubaguzi hautakoma hivi, njia ni kuifuta haki ya kukataa bila sababu, hata kwa upande wa utetezi. Marshall alikuwa jaji wa kwanza mweusi wa Mahakama ya Juu. Mwaka 1960 alikuwa Lancaster House, London, akiwashauri viongozi wa Kiafrika wa Kenya, akina Tom Mboya, kuhusu haki za binadamu katika Katiba ya Kenya, na rasimu yake iliwalinda hata Wazungu na Wahindi waliokuwa wachache. Huyu hakuwa mtu wa kulipiza kisasi.

Naamini aliona mbali. Ukimwuliza mtu sababu, atakupa sababu. Hakuna kitu rahisi kupatikana kuliko hicho. Mwaka 1995 Mahakama ya Juu ilipitisha maelezo ya mwendesha mashtaka aliyemkataa mtu mweusi kwa kuwa ana nywele ndefu zisizotunzwa, masharubu na ndevu kidevuni. Ilisema katika hatua ya kuitoa, sababu haihitaji hata kuingia akilini. Ili ushinde, ilibidi umfanye jaji amwite mwongo mtu anayefanya naye kazi kila siku. Na mwenye chuki asiyoitambua mwenyewe, huyo utamnasaje?

Foster alishinda mwaka 2016, kwa sababu tu mawakili wake walizipata karatasi za kijani mwaka 2006 kwa sheria ya jimbo ya kupata taarifa za umma. Ni wangapi wasio na karatasi? Curtis Flowers wa Mississippi alishtakiwa mara sita kwa mauaji yaleyale na mwendesha mashtaka yuleyule, ambaye kwa jumla aliwaengua Weusi 41 kati ya 42 aliopata nafasi ya kuwaengua. Katika kesi ya sita, watu weusi watano aliowakataa aliwauliza maswali 145. Weupe 11 waliokaa kwenye juri waliulizwa 12. Hukumu ya kesi hiyo ya sita ilitenguliwa mwaka 2019, na mwaka 2020 mashtaka yakafutwa. Flowers alikuwa amekaa ndani karibu miaka 23.

Jimbo la Washington ndilo lililothubutu kubadilisha swali, mwaka 2018. Kanuni yake haiulizi moyo wa wakili una nini. Inauliza kama mtazamaji makini angeweza kuona kwamba rangi imechangia. Sababu zilizozoeleka, kama kutowaamini polisi, kuwa na ndugu aliyewahi kukamatwa au kuishi mtaa wenye uhalifu mwingi, zinahesabiwa batili mpaka zithibitishwe vinginevyo, kwa kuwa ndizo zinazowaengua Weusi wengi. California ikafuata njia hiyo. Arizona ilikwenda hadi alikotaka Marshall: tangu Januari 2022 hakuna kumkataa mtu bila sababu. Kanada ilifuta haki hiyo mwaka 2019, baada ya mkulima mzungu kuachiwa huru katika kesi ya kifo cha Colten Boushie, kijana wa kabila la Cree. Baadhi ya mawakili wa utetezi walilalamika kwamba ndiyo silaha waliyoitumia kuwapata wajumbe wanaofanana na wateja wao. Hoja yao ina uzito, nami sipendi kuipuuza, ila hesabu ya akina Flowers inanielemea zaidi.

Katika mahakama za serikali kuu ya Marekani, kanuni ya 1986 bado ndiyo inayotumika. Katika kesi ya jinai kubwa isiyo ya adhabu ya kifo, utetezi unaweza kuwakataa watu 10 bila sababu, na mwendesha mashtaka 6.